Gazeti la Pikipiki Halikai Kiti cha Nyuma

Wenzangu wa kwaya na wa shamba la mpunga hapa kijijini Hewani, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake. Mmeniuliza kisimani, mlangoni pa kanisa, hata matangani ambako si adabu kuuliza mambo ya pikipiki: "Mama Salome, ni kweli ulikwenda Ndera juu ya kile chuma cha Rehema? Na yule mtu wa Nairobi, ilikuwaje?" Nimechoka kusimulia mmoja mmoja, maana kila nikisimulia kuna anayekatiza akaanza habari ya mguu wake. Nimeandika. Mimi niliishia darasa la nne. Anayetaka nukta na mkato aende kwa mwalimu, anayetaka habari akae hapa.

Rehema mnamjua, ila kama karatasi hii itafika kwa asiyemjua: ni mjukuu wangu, nimemlea tangu hajaota meno. Leo ana gereji yake Garsen, upande wa soko la ng'ombe. Mwanamke, fundi, mikono imejaa grisi, na bado anaimba sauti ya kwanza kanisani. Naringa, ndiyo. Aliye na mjukuu kama huyo na asiringe ni mgonjwa.

Rehema ametengeneza pikipiki ya tope. Matairi mawili manene kama ya trekta ndogo, na yote yanavuta, la mbele na la nyuma. Injini ndogo, mwendo wa mtu mwenye busara. Sura haina. Ni damu yangu lakini nasema: sura haina. Ukiikuta imeegemea ukuta utadhani mafuriko yaliipitia kwa mtu, yakaichoka, yakaiacha kwako. Lakini inapita kwenye tope letu pale ambapo punda anasimama kufikiri.

Sasa kuna gazeti moja la Nairobi, lile la karatasi inayong'aa, kazi yake ni kupima pikipiki na kuzigawia nyota. Nyota za mwendo, nyota za sura, nyota za sauti, nyota za starehe. Rehema aliipeleka yake huko ikapimwe. Wakaiendesha barabarani mjini, kutoka mataa hadi mataa. Ikapata nyota moja, na hiyo moja nadhani waliitoa kama sadaka. Waliandika, "Ni ngamia aliyevaa gambuti." Rehema alinisomea hayo kwenye simu, kisha akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Maneno yangeisha hapo kama si kikundi cha Godana. Hawa ni wafugaji wanaozunguka kuchanja ng'ombe mabomani, na mvua ikinyesha hawafiki popote. Walikuwa wamesema watachukua pikipiki za kutosha kumpa Rehema kazi ya mwaka mzima. Gazeti lilipotoka, Godana akasema, "Tungoje kidogo." Rehema akawaandikia wale wa Nairobi: njooni mwipime huku ilikozaliwa. Wakakubali, wakamtuma mwandishi yuleyule wa ngamia. Godana akasema atasikiliza neno la pili. Na Rehema akaniambia, bila kuniangalia, kwamba neno la pili likiwa baya kama la kwanza atafunga gereji, aende Mombasa akaajiriwe. Mombasa! Na mimi nikifa nani atanifumba macho?

Basi mnajua kilichokuwa mzigoni. Tuendelee.

Hewani hadi Garsen

Safari yangu mwenyewe ilikuwa ya kumwona mdogo wangu Zipora kule Ndera. Mguu umemvimba, na mvua ilikuwa imefunga njia. Rehema akasema, "Nyanya, kwa nini tusiende pamoja? Gazeti litaiona ikibeba mzigo."

"Mzigo ni nini?"

"Ni wewe."

Nikachukua gunia dogo la mchele, kuku jike amefungwa miguu, na leso ya kubadili. Hapo ndipo nilipokutana na kiti cha nyuma. Rehema amekitengeneza kwa ubao, juu ya ubao kipande cha tairi la gari, juu ya tairi hakuna kitu. Kabla hatujatoka kijijini nilijua mifupa yangu yote kwa majina.

Jirani yangu akapiga kelele toka shambani, "Mama Salome! Umenunua trekta?"

"Nimeizaa, sikuinunua!"

Kuku alinyamaza njia nzima. Nadhani alikuwa anaomba.

Garsen, tunamngoja mtu

Mwandishi alisema atafika asubuhi. Asubuhi ikapita. Akipigiwa simu anasema yuko karibu. Karibu ya mtu wa Nairobi ni kama ufalme wa mbinguni, umekaribia tangu zamani. Tukala viazi karai kwa pilipili ya ukwaju, tukanywa chai, tukala tena. Mabasi ya Lamu yakapita, ya Malindi yakapita. Mbuzi wakauzwa mbele yetu, wakalia, wakaondoka.

Godana akaja na fimbo yake mabegani, akainama kunisalimu. "Mama, huyo mgeni wenu ameoa njiani?"

"Labda amekwama kwenye kioo. Watu wa nyota hujiangalia sana."

Alipotokea, Garsen nzima ilisimama. Buti hadi magotini, glavu, kofia ina jicho la kamera, na pikipiki ndefu, rangi ya chungwa lililoiva, inang'aa kama imetoka dukani na kupakwa mafuta ya nazi. Watu waliokuwa wakiitazama ya Rehema waliikimbia wote, wakaenda kupiga picha na ile. Hata mimi niliigusa. Ilikuwa laini.

Jina lake Tobias. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akaniharibia kwa kuvua kofia na kuinamisha kichwa. "Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Lakini huku hakuna shosho. Mimi ni nyanya."

"Sawa, shosho."

Akaeleza mpango. Ili haki iwepo, yeye ataendesha ya Rehema na Rehema ataendesha yake, njia moja, siku moja. Nikamwuliza, "Na mimi?"

"Wewe utakaa nyuma yangu."

"Vizuri. Na gazeti lako, limewahi kukaa nyuma?"

Akacheka. "Kiti cha nyuma hatukipimi, shosho. Tunapima anayeendesha."

"Mwanangu, Tana hii nani umemwona peke yake juu ya pikipiki? Huku ni mwenye chombo, mkewe, gunia, na mbuzi kwenye tangi. Ukimpima wa mbele tu, umepima robo."

Godana akacheka hadi fimbo ikamwanguka. Tobias naye akacheka.

Lami

Hapa nitasema yaliyotokea hata kama Rehema atanuna. Kwenye lami tuliaibika.

Rehema alipoipanda ile ya chungwa alipotea. Sauti yake tuliisikia kidogo, kisha hata sauti ikatuacha. Sisi nyuma tulikuwa tunatambaa. Matairi yale manene yanapiga lami wooo, wooo, kama fahali anayelalamika tumbo. Boda boda ilitupita imebeba kitanda, na mwenye kitanda amekaa juu ya kitanda. Lori la mchanga likatupita, utingo wake akatupungia mkono kama tuko kwenye msafara wa harusi. Mara mbili tulisimama injini ipoe.

Tobias akageuza kichwa. "Unaona, shosho? Haya ndiyo niliyoandika."

Nikanyamaza. Mnanijua, mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Rehema tulimkuta mbali sana, amekaa kivulini, macho yanawaka. "Nyanya! Hii inaruka!"

"Ukimaliza kuruka utuambie tulie au tucheke."

"Si nasema tu ukweli."

Iliniuma. Mtoto ametengeneza chombo kwa mikono yake na sasa anakonyezana na cha mwenzake. Lakini nikajiambia, sawa, kwenye lami gazeti halikudanganya. Kosa lake ni kwamba liliishia kwenye lami. Jembe ukilipima kwa kukatia nyama, utaandika kwamba ni butu, na utakuwa hujasema uongo, na njaa itakuua na kisu chako kizuri mkononi.

Udongo mweusi

Tukaacha lami, tukashuka kuelekea mtoni. Udongo wetu mweusi mnaujua ukinyeshewa: unashika mguu kama mdai. Tobias alipouona akapunguza mwendo, nikasikia mgongo wake umekakamaa.

"Nipite wapi?"

"Pale pale ulipo."

Akapita. Tairi la mbele likazama kidogo, likajivuta lenyewe, la nyuma likasukuma. Tukaenda. Polepole, mwendo uleule wa lami, lakini tukaenda. Nikamsikia anasema "Aaa!" kama mtu aliyeonja uji akidhani hauna sukari.

Ya chungwa, wacha nisiicheke sana, maana aliyekuwa juu yake ni mtoto wangu. Iliteleza, ikalala. Wakaiinua. Ikaenda hatua chache, ikalala upande wa pili ili usione wivu. Tope likajaa baina ya tairi na kile kibati cha juu hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Tobias akashuka, akachokoa tope kwa fimbo, buti zake zile nzuri zikawa kama miguu ya tembo. Mara hii alikuwa hazungumzi habari ya sura.

"Shosho, pumzika kidogo," akasema.

"Nimepumzika. Wewe ndiye unahema."

Wakaipandisha hivyo hivyo, kuchokoa na kusukuma, hadi tukaona moshi wa boma.

Bomani kwa Mzee Barisa

Kwa watu wa ng'ombe hufiki ukaanza na shida yako. Tulisalimiana habari za mvua, za majani, za ndama, za watu, kisha za mvua tena. Tobias alitazama saa yake mara kadhaa. Akaletewa maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Akanywa funda moja, uso ukajikunja.

"Kunywa," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Hapa nawe unapimwa."

Akanywa yote, Mungu ambariki, machozi yakimtoka.

Mwenye boma ni Mzee Barisa, mtu mrefu mkavu ambaye neno lake kuhusu mnyama wafugaji wanalibeba kutoka kisima hadi kisima. Tobias akamwomba atoe maoni, akatega simu imrekodi. Mzee akaiendea ya Rehema. Akaizunguka, akaizunguka tena. Akainama akatazama chini ya tumbo lake kama anavyotazama fahali. Akagonga tairi kwa fimbo. Akauliza inakunywa mafuta kiasi gani, akauliza inabeba nini, akauliza aliyeitengeneza yuko wapi. Akaonyeshwa Rehema, akamtazama sana. Ndipo akasema:

"Hii kitu baya. Baya kabisa. Uso yake kama fisi. Miguu nene kama mgonjwa. Hii hapana maliza mwezi. Hata wewe nipe bure, mimi hapana taka." Akatema mate kidogo pembeni.

Wanawake waliokuwa mlangoni wakaitikia, "Baya! Baya sana!" mmoja akapigapiga kiti changu akisikitika.

Tobias alikuwa ameinamia simu, anahakikisha kila neno limeingia. Kisha akaelekeza kidole kwenye ya chungwa. "Na hii, mzee?"

Mzee Barisa hata hakuizunguka. "Hii? Ah, nzuri! Nzuri sana! Ng'aa kama ng'ombe ya arusi. Hapana ona nzuri kama hii." Hakusema hata mashallah.

Mimi nikakohoa. Rehema akaangalia chini. Tobias akatabasamu, akamshukuru mzee kwa mikono miwili. Nyinyi wa Hewani mmeshaelewa mliposoma hapo, na mimi nilidhani kila mtu duniani anaelewa. Kumbe.

Tulitoka bomani, na hatukufika mbali. Ya chungwa ikanguruma, ikatoa harufu ya kwato zilizochomwa, ikanyamaza. Rehema akashuka, akapiga magoti topeni, akanusa. "Klachi imeungua."

Mimi ni mtu wa kanisa, mambo ya kijicho siamini. Nasimulia tu lipi lilifuata lipi.

Mishikaki

Vijana wa boma wakaja wakaisukuma ile nzuri kurudi kwa Mzee Barisa, ikalale na ndama. Sisi tukabaki watatu na pikipiki moja mbaya.

Rehema akashika usukani. Mimi katikati na kuku. Tobias nyuma yangu, pale ubao unapoishia na chuma kinapoanzia. Tukabebana mishikaki. Nikamwambia, "Haya, sasa gazeti limekaa nyuma."

Shimo la kwanza alisema "Yesu." La pili hakusema kitu. La tatu alinikumbatia kama mama yake. Niliwaza, laiti wenye nyota wote wangepangwa hapa, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mhariri.

"Shosho," akasema baadaye kwa sauti ya mtu anayeungama, "umekaa hapa tangu Hewani?"

"Tangu Hewani."

"Bila kulia?"

"Mimi nimezaa tisa."

Maji

Tukafika pale mkono wa mto unapokatiza njia. Mto ulikuwa umejaa, maji ya kahawia yanapita taratibu kama hayana haraka ya kuua mtu. Mtumbwi upo ng'ambo, mwenye mtumbwi hayupo. Mbele kidogo kiboko amelala majini, masikio tu yanacheza. Tukakaa. Tukala ndizi. Tobias akauliza kiboko huwa anaondoka lini.

"Akitaka," Rehema akamjibu.

Alipotaka, alitoka akaenda zake juu kwenye mafunjo. Rehema akafunga vizibo vya injini, akavua viatu, akailaza pikipiki ubavu juu ya maji. Nikapiga yowe. Haikuzama! Yale magurudumu manene ni matupu ndani, yamezibwa kama mapipa. Ikaelea pale, ubavu juu, kama ng'ombe anayejikuna. Rehema akaweka gunia la mchele juu ya gurudumu la mbele, kuku juu ya gunia, akaanza kuisukuma kama anavyosukumwa mtumbwi.

"Inaelea!" Tobias alikuwa anapiga kelele, maji yamemfika kifuani. "Kwa nini hukutuambia inaelea?"

"Niliandika kwenye barua," Rehema akasema. "Mlinijibu kwamba hamna nyota ya kuelea."

Nami nilivuka nimeshika kile kiti. Majini, nakiri, kilikuwa kiti kizuri.

Ndera

Zipora alitupokea kwa kicheko na kilio, mguu wake umefungwa majani, ametupikia kambare wa kukausha na ndizi za mchuzi. Tobias alikula amesimama. Zipora akamsukumia kigoda mara tatu, mara tatu akakikataa. "Dada, mgeni wako ananidharau?" akaniuliza kwa Kipokomo.

"Hakudharau. Leo amekaa mahali ambapo gazeti halijawahi kukaa."

Baada ya chakula Tobias akasema anataka kuwa mwaminifu, atatusomea alichoandika kabla hajakipeleka. Akasoma vizuri. Tope alilisifu, maji akayasifu hadi nikaona haya. Lami akasema kama ilivyokuwa. Kiti pia, nacho alikisema kwa uchungu wa kweli. Kisha sauti ikashuka. "Hata hivyo, wenyeji wenyewe wameikataa. Mzee mmoja mfugaji anasema ina uso wa fisi, haitamaliza mwezi, na hata bure haitaki. Ya kigeni ameisifu sana."

Zipora akaanza kucheka. Nikacheka. Rehema akajiziba uso kwa leso.

"Nimekosea wapi?"

Nikamweleza, na nitaeleza hapa kwa ajili ya asiye wa kwetu. Mtu wa ng'ombe hasifu kitu anachokitaka kiishi. Ndama mzuri akizaliwa, wanamwita mbaya, mkondefu, chakula cha fisi, ili jicho la mtu lisimpate. Kadiri kitu kilivyo chema, ndivyo wanavyokitukana. Sokoni Garsen, mtu wao akikuambia fahali wako ni mzuri, na hata Mungu hakumtaja, mrudishe nyumbani haraka: ama huyo hamtaki, ama hamjali akifa.

Tobias akajisahau, akakaa juu ya kigoda, akaruka. "Kwa hiyo mzee, kuhusu yangu..."

"Yako aliisifu."

"Na klachi..."

"Mimi ni mtu wa kanisa," nikasema.

Akacheka mpaka akajishika mbavu, akasema ataeleza yote, maneno ya mzee na maana yake. Halafu akanigeukia. "Lakini shosho, tangu tumefika hujataja lami hata mara moja. Na kiti hujakisema mbele ya Rehema. Hiyo ni haki?"

Kijana ana ulimi. Rehema alikuwa ananitazama. "Kiti kina nini, Nyanya?"

"Kiti," nikasema, "tutazungumza nyumbani." Na nyumbani sikuzungumza.

Nyumbani

Gazeti likatoka. Rehema alinisomea akiwa amesimama mlangoni pa gereji, na kabla hajamaliza niliona mabega yake yameanguka. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: WAFUGAJI WA TANA WAIKATAA. Chini yake uso wa fisi, miguu ya mgonjwa, hata bure hapana taka. Ile sehemu ya maana ya maneno ya mzee haikuwepo. Kuelea kulikuwa mstari mmoja. Nyota zikawa mbili.

Tobias akapiga simu kabla hatujapiga sisi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekanyaga mtoto. "Shosho, niliandika yote. Naapa. Mhariri alikata. Aliniambia nafasi ndogo, kuna tangazo la matairi."

"Maneno ya fisi yalipata nafasi?"

"Hayo alisema ndiyo matamu."

Sikumtukana. Alikunywa maziwa yote, huyo.

Rehema hakulia. Alianza kupanga spana kwenye sanduku, kubwa chini, ndogo juu, na mimi nikakaa juu ya debe nikihesabu zilizobaki kabla ya Mombasa. Ndipo Godana akaingia na wenzake, simu mkononi, uso hauna cheko. Hakusalimu vizuri hata.

"Mama, haya yaliyoandikwa hapa. Mzee Barisa ndiye amesema?"

"Ndiye."

"Kwa mdomo wake? Uso wa fisi?"

"Kwa mdomo wake."

"Na hata bure hataki?"

"Hata bure."

Akawageukia wenzake, wakazungumza kwa lugha yao, haraka, mmoja akashika kichwa. Godana akanitazama tena. "Mama, yule fahali wake mkubwa, ambaye watu wanatoka mbali kumwona, alimwita tu mkondefu. Uso wa fisi hajawahi kumpa mnyama yeyote."

Spana zikaacha kulia.

Akaiendea pikipiki, akaizunguka. "Kitu kimoja. Wake zetu watapanda nyuma na maziwa. Hii habari ya kiti, gazeti limegusa kidogo tu. Wewe umekaa Hewani hadi Ndera. Kikoje?"

Wenzangu, hapo nilitazama sanduku la spana, nikatazama mtoto wangu. Ningeweza kusema ni godoro. Lakini nilikuwa nimelaani watu wa nyota tangu asubuhi hadi jioni kwa kutosema yote, na mdomo ni huu huu. Nikasema, "Godana, kiti hicho ni kibaya."

Macho yakamwaka. "Kibaya?"

"Kibaya sana. Kinaumiza. Nimelala kifudifudi siku nyingi."

Akawatafsiria wenzake. Wakaguna kwa furaha.

"Sikiliza," nikasema, nimesimama sasa, "mimi si mtu wa ng'ombe. Mimi ni Mpokomo wa Hewani. Nikisema kibaya ni kibaya! Hicho si kiti, ni adhabu! Adui yangu nisingemkalisha!"

"Basi, mama, basi, usizidishe," Godana akasema, amenishika mkono kwa heshima, anatazama huku na huku kama anaogopa mtu wa jicho atasikia. Akamwambia Rehema waandikiane mkataba siku hiyo hiyo, na viti viwe kama hicho hicho, asibadilishe kitu.

Nimesema kweli tupu, mbele ya mashahidi, na hakuna aliyeniamini. Rehema sasa anatengeneza viti vya ubao toka asubuhi hadi jioni, anaimba. Namwambia aweke sponji. Ananijibu, "Nyanya, mteja amesema nisiguse."